Paka Hafungi Hudade

Emama alisema paka atafunga kama sisi wote, na mimi nikakubali. Hilo ndilo kosa langu, nalitaja mwanzo kabisa ili mtu asije akasema nimelificha. Mengine niliyofanya baada ya hapo si makosa, hata kama Emama mpaka leo anayaita hivyo.

Emama Askale ni bibi yangu, mzaa mama. Miaka arobaini ameuza pilipili na viungo sokoni hapa Debre Berhan, mpaka miguu ikakataa. Sasa hana soko, ana sisi. Mama anafanya kazi kiwanda cha mablanketi, anatoka alfajiri anarudi jua limezama, kwa hiyo nyumba ni ya Emama, vyungu ni vya Emama, na Mungu wa nyumba hiyo huwa anasema na Emama kwanza.

Paka nilimkuta Jumatatu, kwenye banda letu la kuni, juu ya gunia. Mama yake alikuwa amekula panya mwenye sumu huko nyuma ya kinu. Ndugu zake wawili walishakuwa wagumu kama viatu. Yeye alikuwa analia, na sauti ilikuwa kubwa kuliko mwili. Nikamtia ndani ya sweta la shule nikaingia naye jikoni.

"Rudisha hicho kitu kilikotoka," Emama akasema. Hakugeuka hata. Anajua vitu kwa harufu.

"Kimetoka bandani kwetu, Emama."

"Basi kirudi bandani kwetu kikafie huko."

"Anataka maziwa tu. Kidogo."

Hapo ndipo akageuka. "Maziwa? Mariamu wangu! Tuko katikati ya Hudade, siku hamsini na tano hakuna nyama, hakuna siagi, hakuna yai, hakuna hata harufu yake ndani ya nyumba hii, halafu wewe uniletee maziwa yaguse vyungu vyangu?"

"Atakufa."

"Hatakufa. Atafunga. Tuna suf."

Suf ni mbegu, jamaa ya alizeti. Unazichemsha, unazitwanga, unazichuja, yanatoka maji meupe pepe. Ukiyaweka kwenye kikombe, mgeni atakuuliza ng'ombe yuko wapi. Tangu nizaliwe, Hudade ikifika maziwa ni hayo, na hakuna mtu kwetu aliyewahi kufa kwa kuyanywa. Kwa hiyo nilimwamini. Si nilisema? Kosa langu.

"Nampa muda mpaka Hosana," Emama akasema, yaani ile Jumapili ya matawi, wiki moja kabla ya Pasaka. "Akiwa na nguvu za kukamata panya, atakaa alinde magunia yangu ya tefu. Akiwa bado hivyo anavyotetemeka, nitamtoa mwenyewe nimpeleke ng'ambo ya mto. Sitaki mzoga kwenye uwanja wangu wiki ya mateso ya Bwana."

Ng'ambo ya mto ndiko fisi wanakopita. Siku zilikuwa ishirini. Nilizihesabu nikiwa bado nimesimama pale.

Nilimwita Hisab, yaani hesabu, kwa sababu siku ya kwanza tu alilala juu ya daftari langu la hesabu akakojoa kwenye ukurasa wa sehemu. Hesabu ndiyo inayoniangusha. Darasa la saba tuko sitini na mmoja, na mimi ni wa hamsini na saba. Hao wanne walio nyuma yangu, wawili waliugua wakati wa mtihani.

Lakini nilitaka kujua kama anaongezeka, na macho ya mtu anayempenda paka hayafai kwa kazi hiyo. Kila nikimwangalia naona amenenepa. Nikaenda kwa Gashe Dubale mwenye duka, ana mizani ya sahani mbili. Jiwe lake dogo kabisa ni la gramu hamsini.

"Unataka nikupimie paka?" akasema. "Nikufungie kwenye karatasi au unamla hapahapa?"

Hisab alikuwa anazidi mia tatu na hamsini, lakini anazidi kiasi gani? Mawe hayakusema. Nikaokota vizibo vya soda mlangoni kwake, nikavirundika kwenye sahani mpaka vikalingana na jiwe la hamsini. Vizibo ishirini na vitatu. Nikagawa hamsini kwa ishirini na tatu pale pale kwenye mfuko wa sukari, na ni mara ya kwanza maishani nimegawa kitu bila mtu kunisimamia na fimbo. Kila kizibo ni gramu mbili na kidogo. Hisab anazidi kizibo kimoja. Nikaandika: Jumatatu, 352.

Jumanne 350. Jumatano 341. Alhamisi 333. Nilikuwa nampa suf kila baada ya saa nne kwa kitambaa, anafyonza, tumbo linajaa kama mpira, halafu anapungua. Nikasema labda nakosea kugawa. Nikarudia kugawa. Nikasema ni baridi, nikamwekea chupa ya maji ya moto ndani ya soksi. Ijumaa asubuhi kabla ya shule: 326. Alikuwa halii tena. Anafungua mdomo, sauti haitoki.

Siku hiyo Mwalimu Gizachew akanikamata. Nilikuwa na vizibo chini ya dawati, navipanga, nagawa tena, naona labda kizibo ni kizito kuliko nilivyodhani. Kimoja kikaanguka kikaviringika mpaka kwenye kiatu chake.

Mwalimu Gizachew ni mtu anayerusha chaki na hakosi. Akanisimamisha, akachukua daftari langu, akasoma kwa sauti. "Hisab mia tatu hamsini na mbili. Hisab mia tatu hamsini. Hisab mia tatu arobaini na moja." Akaangalia darasa. "Nimefundisha miaka kumi na minne, sijaona hesabu inayokonda."

Darasa zima likacheka. Mimi mtu akinicheka masikio yanawaka, na huwa nainamisha kichwa mpaka yapoe. Miaka mitatu kwenye shule ile sijanyoosha mkono. Kuna mwalimu mmoja alinihesabu kuwa sikuja na nilikuwa nimekaa mbele yake.

"Kaa chini," Mwalimu akasema, na daftari akaliweka kwenye mkoba wake. "Utalipata mwisho wa muhula."

Mwisho wa muhula Hisab atakuwa wapi? Namba zake zote zilikuwa mle.

"Sikai," nikasema.

Sijui ilitoka wapi. Niliisikia kama wengine walivyoisikia.

"Umesemaje?"

"Sikai mpaka unipe daftari langu. Hizo namba si mchezo. Ni paka, na anakonda, na sijui kwa nini, na wewe ndiye mwalimu wa hesabu."

"Aaa! Bubu amesema!" Akajaa furaha ya mtu aliyepata nyama kwenye mfungo. "Haya, njoo ubaoni. Chora. Huku siku, huku gramu. Usipoweza, daftari ni langu."

Nikachora. Mstari wa siku ulipinda kama njia ya mbuzi, lakini nukta tano niliziweka mahali pake, nikaziunganisha. Mstari ukateremka. Kwenye daftari zilikuwa namba tu. Pale ubaoni ilikuwa ni mtu anashuka mlima.

"Kwa siku anapungua ngapi?"

Mia tatu hamsini na mbili toa mia tatu ishirini na sita, ishirini na sita, gawanya kwa siku nne. "Sita na nusu."

"Na mpaka Hosana zimebaki siku ngapi?"

"Kumi na sita."

Niliandika mwenyewe. Sita na nusu mara kumi na sita, mia moja na nne. Toa. Mia mbili ishirini na mbili. Nikasimama nikaiangalia ile namba. Nilijua paka wa mia mbili ishirini na mbili hayuko, ni ngozi tu.

"Unampa nini?" Mwalimu akauliza, na safari hii hakuwa anachekesha.

"Suf."

Mastewal, anayekaa dirishani, akapiga kelele, "Mwalimu, paka wake ni mtawa! Mchimbieni pango!" Darasa likapasuka.

"Cheka tu," nikamwambia. "Wewe mfungo wako unaishia kwenye biskuti za siagi chini ya dawati. Paka wangu amefunga kuliko wewe."

Sasa wakamcheka yeye. Sioni aibu, alistahili.

Mwalimu alipiga dawati wakanyamaza. "Suf ni mbegu. Umewahi kuona paka anachunga shambani? Nenda nyumbani umfungue mdomo uangalie. Mbuzi ana meno ya kusagia, wewe unayo. Paka ana ya kurarulia tu. Mwili wake umetengenezwa kwa nyama na kwa maziwa ya mama yake, mbegu zinapita ndani yake kama maji kwenye bomba. Tafuta maziwa ya mbuzi, uyachemshe, utie kiini cha yai." Akanirudishia daftari. "Na hapa kwetu tuko juu sana, maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Yaache yachemke zaidi. Jumatatu niletee namba. Za uongo nitazijua."

Nilikimbia mpaka nyumbani.

Emama alikuwa anachambua dengu. Ule mstari nilikuwa nimeunakili daftarini, nikamwekea mapajani. Hajui kusoma, lakini mstari unaoshuka hauhitaji kusomwa.

"Suf inamuua," nikasema. "Nimepima."

"Umepima na nini?"

"Na mizani ya Gashe Dubale. Na vizibo."

"Vizibo! Kiumbe cha Mungu unakipima kwa vizibo vya soda! Na mizani ya Dubale, yule ambaye sahani yake moja ina bonde? Nimeuza miaka arobaini, mwanangu. Mizani ya Dubale singeipimia hata majivu."

"Emama, nilipokuwa na miaka sita nililia nikitaka kufunga na wewe. Ulinipa maziwa. Ulisema mtoto akiwa hajafika saba hafungi, Mungu hana haraka naye. Ulisema au hukusema?"

"Nilisema."

"Hisab ana wiki nne. Mwaka una wiki hamsini na mbili, kwa hiyo yeye ni sehemu moja ya kumi na tatu ya mwaka. Miaka saba ina sehemu kama hizo tisini na moja. Amebakiza sehemu tisini ndio aanze kufunga."

Emama akaacha dengu. Kwa muda nilifikiri nimeshinda.

"Mtoto asiyefunga," akasema polepole, "ni mtoto aliyebatizwa. Huyo wako amebatizwa kanisa gani? Baba yake wa ubatizo nani, Dubale?"

Nikachukua daftari mapajani kwake.

"Sawa," nikasema. "Maziwa hayataingia ndani. Vyungu vyako sitavigusa. Mimi ndiye nitatoka."

"Utoke uende wapi?"

"Bandani. Mimi na yeye, mpaka Pasaka."

"Nenda! Kalale na panya! Baridi ya mwezi wa Megabit ikikugonga usije kunililia hapa mlangoni!"

"Siji."

Nilichukua mkeka, gabi yangu ya kujifunika, vitabu, na Hisab ndani ya kofia. Mama aliporudi alikuta Emama anaongea peke yake na mimi nimeshapanga kuni kuwa ukuta. Mama akibishana na Emama hubishana kwa mikono. Alikuja na blanketi la kiwandani, moja ya yale yaliyokataliwa kwa sababu pindo limekwenda kombo, akanitupia, akarudi ndani.

Maziwa nilipata kwa Etiye Zeyneba, jirani wa upande wa kinu. Wao ni Waislamu, Hudade haiwahusu, na mbuzi wake alikuwa anakamuliwa mpaka ndoo inamwagika.

"Chukua tu," alisema. "Wanunuzi wangu wote mmefunga, mbuzi hajaambiwa. Asubuhi uwe unampeleka majini kabla ya shule, basi, tumemalizana. Lakini bibi yako akija na mwiko, mimi sikujui."

"Akija na mwiko nitasimama mbele."

"Wewe? Wewe ambaye ukinisalimu nasikia upepo tu?"

Kila asubuhi nilimpeleka mbuzi. Nilichemsha maziwa kwenye kopo la nyanya, juu ya mawe matatu, nikiyahesabia mpaka mia tano baada ya kuchemka. Nilitia kiini cha yai, nalo kutoka kwa Etiye Zeyneba. Na nasema hivi kwa sababu kuna watu wamesema vingine: mimi nilikuwa nimefunga. Sikula kitu mpaka saa tisa kama kila mtu, na nilipokula nilikula injera na mchuzi wa shiro ambao Mama aliniletea mlangoni. Harufu ya yai na maziwa ya moto asubuhi na tumbo tupu, nani ameijua kama mimi? Sikulamba hata kidole. Nilikipangusa kwenye majani ya mkalitusi.

Siku ya kwanza alipungua tena, 322, nikalia. Jumapili 322. Nikasema Mwalimu kanidanganya. Jumatatu 330, nikaandika kwa tarakimu kubwa mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Mlango wa banda unaangalia mashariki, jua linaingia saa moja kwenye gunia na saa nne linakuwa limefika kwenye shoka, kwa hiyo siku zisizo za shule nilikuwa namhamisha na kisanduku chake kufuata jua, na wakati wa jiografia Mwalimu wa jiografia alipouliza kivuli kinaelekea wapi asubuhi, mkono wangu ulikuwa juu kabla sijauruhusu. Kiingereza bado nimeanguka. Paka hawezi kila kitu.

Emama alikuwa anapita uani mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji. Akipita anasema kwa sauti, akiuambia ukuta: "Wengine wana nyumba, wanalala na kuni." Na mimi ninauambia ukuta huohuo: "Wengine wana macho, hawaji kuangalia."

Jumamosi, kesho yake ni Hosana, nilikuwa nasuka jani la mtende liwe pete ya kuvaa kanisani, Hisab analivuta kwa kucha upande wa pili. Mlango ukafunguka. Emama alikuwa na fimbo mkono mmoja na kikapu mkono mwingine. Kikapu nilikijua. Ndicho ambacho angemtilia.

Nilisimama mbele ya kisanduku.

"Sogea," akasema.

"Sisogei. Ni mia nne na hamsini. Jana nimepima. Angalia mstari."

"Mstari umeuchora wewe. Mizani ni ya Dubale. Sogea nakwambia."

"Sisogei, Emama. Ukimtaka, kwanza unitoe mimi, na miguu yako hiyo."

Tukaangaliana. Halafu akakaa juu ya gogo, akishuka polepole kwa fimbo, akafungua kikapu. Ndani kulikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa mizani yake ya sokoni, ile ya shaba, ambayo tangu aache biashara haijatoka chini ya kitanda. Na mawe yake, yamepakwa mafuta.

"Mlete," akasema. "Leo atapimwa."

Akainyanyua mizani kwa kidole kimoja, kama alivyofanya miaka arobaini. Mia mbili. Mia mbili. Hamsini. Hisab akakaa kwenye sahani akamwangalia usoni. Sahani zikapanda, zikashuka, zikatulia. Upande wa Hisab ulikuwa chini. Kidogo tu.

Emama akasubiri. Akapuliza vumbi kwenye mawe, akapima tena. Ulikuwa chini vilevile.

"Mia nne na hamsini na zaidi," akasema. "Dubale amekuibia."

Sikucheka. Niliogopa nikicheka nitalia.

"Unasubiri nini? Andika. Na uandike kwamba ni mizani yangu."

Nikaandika. Hisab alikuwa ameshashuka, anapigana na kitambaa cha mawe, amekirukia kwa miguu yote minne. Emama akamwangalia.

"Tefu yangu imetobolewa magunia mawili," akasema. "Basi. Akae. Na wewe rudi ndani, unakohoa kama punda."

"Narudi na yeye."

"Yeye na maziwa yake, baada ya Pasaka."

"Basi na mimi baada ya Pasaka."

"Msichana wewe, umefanana na nani?"

Alijiinua kwa fimbo, akachukua kikapu chake kitupu, akatoka bila kufunga mlango.

Mizani aliiacha.